Mama, Bugali Wako ni Kiasi Gani?

Mazungumzo kwa wamama wanaokuja kliniki

Kaeni kwenye kivuli. Wale wenye kubeba watoto wadogo waje mbele. Leo hatutaongea juu ya chanjo wala juu ya malaria. Tutaongea juu ya mizani. Si ile ya kupimia watoto, hapana. Ni ile ya wakubwa, ambayo wamama wengi hawapendi kuipanda.

Hapa kwetu Sange mama akiwa munene watu wanamsifu. Wanasema: «Bwana yake anamtunza muzuri.» Na akikonda, jirani wanaanza kunong'ona: ana ugonjwa, ama ana njaa, ama bwana amemwacha. Kwa hiyo mama mwenye kilo nyingi hafikiri kwamba kilo zile ni shida. Anakuja kwetu siku magoti yanauma, kichwa kinagonga, anakojoa mara nyingi usiku. Tunapima tansio, iko juu. Tunapima sukari ya damu, iko juu. Hapo anashangaa.

Mama mmoja wa namna hiyo alikuja siku moja. Munganga akamwuliza: «Mama, unakula nini?» Akajibu: «Mimi sikule mingi, munganga. Niko nakula mara moja tu kwa siku, mangaribi.»

«Na asubui?»

«Asubui chai tu.»

«Chai na nini?»

«Na mandazi. Lakini chai si chakula.»

Wamama, mnacheka! Lakini wangapi kati yetu tungejibu vile vile? Basi tuhesabu pamoja.

CHAI SI CHAKULA?

Tuseme mama anatia vijiko vinne vidogo vya sukari katika kikombe, na anakunywa vikombe vitatu kwa siku. Ni vijiko 12. Kijiko kimoja kidogo ni karibu gramu 4. Kwa siku ni gramu 48. Kwa mwezi ni karibu kilo moja na nusu ya sukari, mama peke yake, bila kuhesabu watoto na wageni! Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba ni vizuri zaidi sukari ya kuongeza isipite gramu 25 kwa siku, maana yake vijiko sita hivi. Na chupa moja ndogo ya soda inaweza kuwa na vijiko saba au nane peke yake.

Sisi watu wa bonde la Ruzizi tunajua miwa, tunajua kiwanda cha sukari cha Kiliba. Sukari si mgeni kwetu. Lakini mgeni anayekuja mara tatu kila siku, na kila mara anakaa, huyo anabomoa nyumba.

BUGALI UNAFANYA NINI MWILINI?

Mnakumbuka tulifundisha aina tatu za vyakula. Kuna vyakula vya kutia nguvu: bugali wa muhogo, bugali wa mahindi, mchele, viazi, ndizi, mkate, mandazi, sukari, na mafuta pia. Kuna vyakula vya kujenga mwili: maharagi, ndagala, mukeke, mayai, maziwa, nyama, karanga. Na kuna vyakula vya kulinda mwili: sombe, lengalenga, matembele, nyanya, embe, papai.

Bugali ukifika tumboni unageuka sukari. Ndiyo, hata kama hausikii utamu mdomoni. Sukari hiyo inaingia katika damu. Mama anayelima tangu asubui, anayebeba kuni na maji, anaichoma yote katika kazi. Lakini mama anayekaa dukani siku nzima, au anayepanda motokari kila safari, haichomi yote. Ile inayobaki mwili hauitupi. Unaiweka akiba, na akiba ya mwili ni mafuta: tumboni, mgongoni, kiunoni.

Unga wa muhogo ni nguvu tupu. Chakula cha kujenga ndani yake ni kidogo sana. Kwa sababu hiyo mtu anakula mlima wa bugali na kidole cha mboga, tumbo linajaa, lakini mwili unaendelea kuomba kile ambacho haukupata. Baada ya saa chache njaa inarudi.

HABARI YA MZEE WA LONDON

Jambo hili la kupunguza vyakula vya unga na sukari si la leo. Zamani, huko London, kulikuwa mzee mmoja jina lake William Banting. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza na kupanga mazishi ya watu wakubwa. Alikuwa munene hata hakuweza kuinama na kufunga kamba za viatu vyake. Kushuka ngazi, alishuka kinyumenyume, polepole, juu ya magoti. Alijaribu kuogelea, kupiga kasia, kunywa dawa, na kilo hazikushuka.

Mwaka 1862 alikwenda kwa daktari wa masikio, kwa maana alianza kuwa kiziwi. Daktari alimwambia aache mkate, sukari, bia na viazi, ale nyama, samaki, mboga na matunda. Baada ya mwaka mmoja alitoka karibu kilo 92 akafika karibu kilo 71. Mwaka 1863 aliandika kitabu kidogo ili wengine wajue. Alikufa mwaka 1878, mzee mwenye miaka zaidi ya 80.

Basi njia hii inaweza kusaidia. Lakini wamama, sikilizeni vizuri. Banting alikuwa na pesa. Alipoondoa mkate sahanini, aliweka nyama na samaki mahali pake, asubui, saa sita na mangaribi. Je, wewe ukiondoa bugali, utaweka nini? Kama jibu ni «hakuna kitu», basi hiyo si dawa ya unene. Hiyo ni njaa.

Na tena, wataalamu wamelinganisha njia mbalimbali. Mwaka 2018 walimu wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa habari ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mzima. Kundi moja lilipunguza vyakula vya unga na sukari, kundi lingine lilipunguza mafuta. Makundi yote mawili yalipungua karibu kilo tano au sita kwa mtu, bila tofauti kubwa. Lakini wote walifundishwa jambo moja: kula mboga kwa wingi, na kuacha sukari na unga mweupe. Kwa hiyo msiamini mtu anayewaambia kwamba kuna njia moja tu.

CHUNGU KIMOJA, MAGONJWA MAWILI

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa la leo.

Sisi wa Kivu tunajua bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka nyekundu, ngozi inachubuka, hataki kucheza, hataki kula. Katika miaka ya 1960 waganga walifanya kazi nyingi juu ya bwaki huku Kivu, upande wa Lwiro na Katana. Walipata nini? Watoto waliolishwa karibu bugali tu, bila maharagi, bila samaki, bila maziwa ya kutosha.

Fikirini basi. Katika nyumba moja unaweza kuona mama mwenye kilo 90, na mtoto mwenye bwaki. Watu wanasema: «Mama anakula peke yake, mtoto anamnyima!» Mara nyingi si kweli. Wote wawili wanakula chungu kimoja. Bugali uleule unaonenepesha mama, peke yake, unavimbisha mtoto. Mama ana nguvu kupita kazi yake, na mtoto hana cha kujenga mwili wake. Wote wawili wanakosa kitu kilekile: maharagi, ndagala, mboga.

Kwa hiyo bugali si sumu, na hatusemi muache bugali. Tunasema: bugali usikae peke yake.

TUFANYE NINI?

Chukua sahani yako. Igawe kwa macho yako. Nusu nzima iwe mboga: sombe, lengalenga, matembele, biringanya. Robo iwe maharagi au ndagala au samaki. Robo inayobaki iwe bugali, kama ngumi yako mwenyewe, si ngumi ya bwana. Kama unakula sahani moja na watoto, toa sehemu yako kando kwanza, upate kuona kiasi chake.

Sukari ya chai: wiki hii toa kijiko kimoja. Wiki ijayo toa kingine. Ulimi unazoea. Na pesa ya ile kilo moja na nusu, nunua ndagala.

Ndagala ni wadogo lakini wasidharauliwe. Wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni chakula cha kujenga. Kama bei imepanda, maharagi na karanga zinafanya kazi hiyo vizuri. Mukeke wa Uvira ni mzuri, lakini si lazima.

Mawese: usimimine kwa kukadiria, pima kwa kijiko. Mawese yanasaidia macho ya mtoto, lakini kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina nguvu kupita vijiko vitano vidogo vya sukari. Sombe ikiogelea katika mafuta, hujapunguza kitu.

Bia, kasiksi na soda: hizo nazo ni chakula, tena chakula kisichojenga. Maji yaliyochemshwa hayanenepeshi mtu.

Usifunge njaa mchana kutwa na kula mlima usiku. Kula asubui kitu cha kujenga, hata maharagi ya jana yaliyopashwa moto vizuri, na utaona mangaribi mkono hautakimbilia bugali.

Tena tembea. Soko si mbali.

Usitafute kupungua upesi. Wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka kilo mbili au tatu, na mama anapiga vigelegele. Nyingi ya hizo ni maji. Mwili una akiba ndogo ya sukari, na akiba hiyo inashika maji. Ikiisha, maji yanatoka. Baadaye kilo zinashuka polepole, na ndivyo inavyopaswa. Kilo mbili kwa mwezi zinatosha. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo tano tu, mara nyingi tansio na sukari zinaanza kumsikia.

NANI ASIFANYE?

Mama mwenye mimba asipunguze chakula ili akonde. Mama anayenyonyesha vile vile: mwili wake unatengeneza maziwa, na kuacha kabisa vyakula vya nguvu kunaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Sukari ya chai na soda anaweza kupunguza, lakini bugali wake na maharagi yake ale ashibe. Mtoto asipunguziwe hata kidogo, yeye aongezewe. Mama mwembamba, mama wa kifua kikuu, mama mwenye ugonjwa wa figo, waongee na munganga kwanza.

Na mama mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza vidonge au anayepigwa insulini, asikie hili kwa masikio mawili. Tulipokea mama mmoja aliyeanguka sokoni. Ndugu yake wa ng'ambo alimwambia kwa simu: «Acha bugali wote, utapona.» Akaacha bugali wote siku ileile, lakini vidonge alimeza kama kawaida. Dawa ilishusha sukari, na hapakuwa na chakula cha kuishikilia. Alitetemeka, akatoka jasho baridi, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka. Watu walifikiri amelogwa! Muuza chai mmoja mwenye akili, kwa kuwa alikuwa bado anameza, alimnywesha maji ya sukari, na akaamka. Leo mama yule anakula ngumi yake ya bugali, na munganga amempunguzia dawa kwa kumpima kila mara.

Mkumbuke basi: mwenye dawa ya sukari asibadilishe chakula kabla ya kuja kwetu. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, apewe maji ya sukari mara moja. Kama amezirai na hamezi, msimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mumlete hospitali mbio.

MIZANI NA KAMBA YA FUNDI

Asiye na mizani aazime kamba ya kupimia ya fundi wa kushona. Apime tumbo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa kiuno, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke asiye na mimba, ikipita sentimita 80, aanze kujiangalia. Ikipita 88, aje tumpime tansio na sukari.

Na jirani wakinong'ona kwamba umekonda, waambie: «Nimepunguza bugali, nimeongeza maharagi. Njoo tule pamoja.» Atakayekuja ataona kwamba sahani imejaa. Ataona pia mtoto wako anayecheza.

MASWALI YA KUONGEA PAMOJA NYUMBANI

1. Jana, katika nyumba yetu, nani alikula maharagi au samaki, na nani alikula bugali na mchuzi tu?

2. Kilo ya sukari inamaliza siku ngapi kwetu?

3. Mtoto mdogo kupita wote anapata sehemu yake mwenyewe ya ndagala, ama anashindana na wakubwa?

4. Kati yetu, nani anameza dawa ya sukari, na sisi wengine tunajua la kufanya akianguka?

Sasa watoto kwanza kwenye mizani. Halafu sisi.