Bolti Iliyoganda: Namna ya Kuifungua Nyumbani Bila Kuikata



Nimeombwa nizungumzie matengenezo ya pikipiki nyumbani. Nimechagua bolti iliyoganda peke yake, kwa sababu nimeona kazi nyingi za nusu saa zikila siku tatu kwa ajili yake. Mtu anataka kubadili gasketi ya ekzosi tu. Jioni unamkuta anahangaika na silinda hedi mkononi, anatafuta fundi wa kukereza.

Sisi wa Tanga tunaishi na chumvi. Pikipiki inayolala nje kule Raskazone hupata umande wa bahari usiku, na asubuhi injini inapowaka yale maji hukauka na kuiacha chumvi palepale kwenye hesi. Bolti nayo ni ya chuma, lakini mwili wa injini ni alumini. Metali mbili za namna hiyo zikikutana penye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Unga mweupe unaouona kuzunguka kichwa cha bolti ndio mabaki yake. Unga huo, kama ilivyo kutu ya chuma, unahitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, na ndani ya hesi nafasi haipo. Kwa hiyo unabana kama kabari. Ndiyo maana bolti uliyoikaza kwa mkono mmoja mwaka juzi, leo haigeuki kwa mikono miwili.

Sasa naomba tupime nguvu yetu wenyewe, maana hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Bolti ya milimita 6, hii ya spana namba 10 iliyojaa kwenye pikipiki zetu, hukazwa kwa takriban nyutonimita 10. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 20, iweke kwenye bolti, halafu ninginiza ndoo ya maji ya lita 10 kwenye ncha yake. Ndoo hiyo peke yake inatoa karibu nyutonimita 20, na bolti ya kawaida ya ukubwa huo inaweza kukatika kabla ya kufika hapo. Mtu mzima aliyekaza misuli anavuta zaidi ya ndoo hiyo. Akiongeza bomba kwenye spana ili apate urefu, basi ameshaamua kuikata, hata kama hajui.

Nami niliwahi kuikata. Ilikuwa nati ya ekzosi kwenye silinda hedi, saa kumi na mbili jioni, giza linaingia na kesho yake nina safari ya Muheza. Nilivuta, ikaanza kugeuka. Nikafurahi. Lakini haikulia, ilikuwa inakuja laini, kama mtu anayesokota mpira, na nilipolegeza mkono spana ikarudi nyuma kidogo yenyewe. Dalili hiyo nilikuwa sijafundishwa. Nati iliyoachia hutoa mlio mkavu, “kri”, halafu inakwenda. Inayogeuka kimya na kurudi kama springi haijaachia: ni stadi inayojisokota, na robo mzunguko mwingine itabaki mkononi. Ukisikia ulaini huo, simama. Mambo mengine yote ya mada hii mnaweza kuyasoma baadaye, lakini hilo naomba mlishike leo.

Kabla ya spana yoyote, kuna brashi ya waya. Safisha hesi zinazoonekana na uondoe tope kwenye kona za kichwa. Spana iwe ya pete au ya boksi, yenye pembe 6 ndani. Ya mdomo hushika pembe mbili tu na hukiviringisha kichwa, na ya pembe 12 huteleza kichwa kikiwa kimeshalika. Parafujo za nyota kwenye injini za Kijapani, na zile zilizoigwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970, zina umbo lake. Bisibisi ya kawaida ya nyota, ya mtindo wa Phillips, haikai hadi chini, hivyo hupanda na kula mfereji. Tafuta ya vipimo vya Kijapani, au tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ambayo hukandamiza na kugeuza kwa wakati mmoja. Na hakikisha unageuza upande unaofungua. Kioo cha kulia cha Yamaha nyingi kina hesi za kinyume, na nimeona watu wakikikaza kwa nguvu zote wakidhani wanakifungua.

Kisha mafuta. Wengi wetu tunajua kopo la WD-40. Lilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na jina lake linatokana na kazi hiyo. Linasaidia, ila mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya kwenye kutu hufanya vizuri zaidi. Mafundi wengine huchanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupenya sana, ila unakula rangi na plastiki, na unashika moto upesi. Asiye na hivyo vyote atumie dizeli. Kitu ambacho duka haliuzi ni muda: weka jioni, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kumi au ishirini, weka tena, kalale. Yale mapigo madogo hupasua kutu na kuyafungulia mafuta njia. Lakini mafuta hayo yasifike kwenye diski wala kwenye viatu vya breki. Yakifika huko umeokoa bolti na kupoteza breki.

Asubuhi ikigoma, tumia joto. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo ukipasha mwili wa injini, tundu linatanuka kuliko bolti iliyomo. Nyumbani anza na maji yanayochemka, au washa injini ipate moto wa kawaida, izime, halafu jaribu ukiwa umevaa glavu. Moto wa gesi ni hatua nyingine kabisa. Tangi la petroli litoke, kabureta ikaushwe, na mafuta uliyopaka jana yafutwe. Usisubiri alumini iwe nyekundu kama chuma, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kukuonyesha wekundu wowote.

Ikiachia, usiivute yote kwa pupa. Fungua robo, rudisha kidogo, ongeza mafuta, fungua tena. Unga uliomo lazima upate pa kutokea, la sivyo unajikusanya mbele na kuikamata upya katikati ya njia.

Na ikikatika? Kama kipande kimebaki nje, mpelekee fundi wa kuchomelea aweke nati juu yake na kuichomelea kwa ndani. Chuma hakishikani na alumini, na joto la kuchomelea lenyewe ndilo linalofungua. Kabla hajaanza, toa nyaya za betri na CDI. Kama imekatika usawa wa uso, piga alama katikati kwa sentapanchi na utoboe taratibu kwa kekee. Ukipata kekee ya kushoto, itumie, maana mara nyingine huitoa bolti yenyewe. Vile vyuma vya kung’olea vya kuingiza kwenye tundu sivipendi kwa bolti ndogo. Ni vigumu kuliko kekee zetu, na kikikatikia ndani hakuna kitakachokitoboa nyumbani. Kwa tundu lililoharibika, fundi mkerezaji anaweza kulitoboa upya na kuweka hesi mpya ya springi ya chuma. Inashika vizuri kuliko alumini ya mwanzo, kwa hiyo msione aibu kuomba hivyo.

Wakati wa kurudisha, safisha hesi na upake grisi. Kwenye ekzosi tumia ile ya shaba, maana ya kawaida huungua na kuacha masizi. Hesi yenye grisi hukazika kwa nguvu ndogo, basi punguza mkono. Nati za ekzosi zibadilishwe kila zinapofunguliwa. Bei yake haifiki hata nusu ya lita ya petroli.

Pale mezani kuna silinda hedi mbili kuukuu, stadi zake zimepakwa mafuta tangu jana saa mbili usiku. Baada ya chai kila mmoja atashika spana. Naomba wale wenye mikono mizito watangulie, wausikie ule ulaini nilioueleza kabla hawajaukuta kwenye pikipiki yao.