Sheria za Urithi na Miche Yetu ya Kahawa
Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe katika sherehe ya miaka kumi



Miaka kumi si mingi katika maisha ya mbuni. Mche tuupandao leo huanza kutupa mavuno baada ya miaka miwili au mitatu, kisha husimama shambani hata wajukuu wakauchuma. Mkulima wa mahindi akikosea mbegu hupoteza msimu; mkulima wa kahawa hupoteza miaka. Kwa hiyo twapenda kulijibu leo swali ambalo wanachama huuliza mara kwa mara: ikiwa mibuni yangu ya Ruiru 11 yazaa vizuri, mbona nisiokote mbegu chini yake, nikaotesha miche mwenyewe na kuokoa fedha yangu?

Swali hili ni la haki. Miche ya kununua ina gharama, na wazee wetu waliotesha mbegu za SL28 kwa njia hiyo hiyo, wakafanikiwa. Jibu lake halimo katika amri ya ofisi yoyote, bali katika sheria za urithi.

Aliyezifunua sheria hizo ni Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Tangu 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri na kuzihesabu kwa subira. Alipozichanganya njegere ndefu na fupi, watoto wote walitoka warefu, kana kwamba ufupi umekufa. Lakini alipoiacha miche hiyo ijichavushe yenyewe, ufupi ulirudi: katika miche 1,064, mirefu ilikuwa 787 na mifupi 277, yaani karibu mitatu kwa mmoja. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1866, wala haikutiliwa maanani mpaka 1900, naye alikwisha kufa tangu 1884.

Maana ya hesabu hiyo ni hii. Kila tabia huchukuliwa na chembe mbili za urithi, tuziitazo leo jeni, moja ya mama na moja ya baba. Hazichanganyiki kama maziwa na chai. Wakati wa kufanya mbegu hutengana, kila moja ikaenda njia yake. Na zikikutana mbili zisizofanana, moja hutawala na ya pili hujificha. Hujificha tu, haipotei.

Sasa tuirudie kahawa. Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985, ili kupambana na kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa uozeshao buni zingali changa. Ni chotara: mama yake ni Catimor, mbuni mfupi, na baba zake ni mibuni mirefu. Katika kahawa hii ufupi ndio unaotawala, kinyume cha njegere za Mendel. Basi kila mbuni wa Ruiru 11, ingawa ni mfupi, umebeba pia jeni ya urefu. Tukiotesha mbegu zake, takriban robo ya miche itakuwa mirefu. Na kwa kuwa Ruiru 11 hupandwa kwa kubanana, takriban miche 2,500 kwa hekta, ile mirefu itaifunika mifupi kwa kivuli.

Mtu atasema: nitaing'oa mirefu, nibaki na mifupi. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa zaidi. Mendel alionyesha kwamba tabia mbalimbali zaweza kurithiwa kila moja peke yake: katika mbegu 556 alipata za mviringo zilizo manjano na zilizo kijani, na za kukunjamana vivyo hivyo. Kadhalika ufupi wa mche si ushahidi wa usugu wake. Wataalamu wamegundua kwamba jeni ya usugu wa chulebuni itokayo katika mbuni wa Rume Sudan hutawala, ilhali ile ya K7 hujificha, haifanyi kazi mpaka irithiwe pande zote mbili. Mbuni wenye nakala moja tu ya jeni itawalayo ni mzima, lakini ukijichavusha, robo ya watoto wake huikosa. Kitaluni wote hufanana. Chulebuni ndiyo itakayowabagua, na wakati huo miaka mitatu imekwisha kwenda.

Mbona basi wazee hawakupata hasara? Kahawa ya arabika kwa kawaida hujichavusha, na SL28 ilikuwa imetulia vizazi vingi, jeni zake zikiwa jozi zinazofanana; mtoto hana la kurithi ila alilo nalo mzazi. Hali ni hiyo hiyo kwa Batian, iliyotolewa mwaka 2010: mbegu yake huzaa iliyo kama mama. Lakini mbegu halisi ya Ruiru 11 hufanywa kwa kuchavusha ua kwa mkono. Ama mche hukuzwa kwa kikonyo, na hapo jeni hazitengani kamwe.

Waheshimiwa wajumbe, twawaomba mpeleke neno hili katika vyama vyenu. Mkulima aulize jina la mbegu na asili yake kabla ya kulipa, na kila kitalu kiandike hayo katika daftari. Wala asiwepo mwanachama wa kumwuzia mwenzake miche ya kuokota chini ya chotara. Ushirika wetu umejengwa juu ya uaminifu wa mizani; na uwe pia juu ya uaminifu wa mbegu.