Kufunga Supachaja Katika Motokaa Ndogo: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama, Kibwezi



Tumeombwa na Kamati tueleze habari ya supachaja tuliyoifunga katika motokaa ya kikundi chetu, maana maneno mengi yamesemwa juu yake pale stesheni na sokoni, na mengine si kweli. Tena tumesikia ya kuwa wenzetu wawili wamekwisha kuanza kuweka fedha ili wanunue ya kwao. Basi tutasema yote, na mahali tulipokosa tutasema tulikosa.

Supachaja ni pampu ya hewa. Injini ya petroli hula vitu viwili, petroli na hewa, na hewa ndiyo inayotakiwa nyingi zaidi: kila ratili moja ya petroli hutaka ratili 14 au 15 za hewa ili iungue vizuri. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama mtu avutavyo pumzi. Supachaja huisukuma ndani kwa nguvu, na ukiongeza petroli kwa kadiri hiyo, moto huwa mkubwa na nguvu huzidi. Kwetu sisi watu wa reli jambo hili si geni. Injini za dizeli zinazovuta treni hupewa hewa kwa namna hiyo, ila pampu yao huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo huitwa tabo. Mwenye kuivumbua ni Alfred Büchi, mtu wa Uswisi, mwaka 1905. Ile tuliyoifunga sisi huzungushwa na mkanda kutoka puli ya injini. Ndani yake mna vyuma viwili vinavyozunguka bila kugusana, kwa mtindo uliobuniwa Marekani mwaka 1860 na ndugu wawili, Philander na Francis Roots. Wakati ule hapakuwa na motokaa.

Sasa, kwa nini tuliitaka? Ninyi mnaijua barabara ya Mombasa. Hapa Kibwezi tuko futi 3,000 hivi juu ya bahari, na Nairobi ni zaidi ya 5,000. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Pwani hewa hukandamiza kwa ratili 14.7 kwa kila inchi ya mraba, na Nairobi ni ratili 12 hivi. Maana yake ni kwamba motokaa ifikapo Nairobi imepoteza zaidi ya sehemu moja katika sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa, wala si kosa la fundi. Motokaa yetu ni ndogo, ya silinda nne, lita moja na nusu, ya kabureta, nayo ni mzee. Tuliinunua watu sita kwa mchango wa mishahara, ipeleke maembe na mboga Emali na Sultan Hamud, na usiku iwabebe wagonjwa wa jamaa zetu. Ikipakia watu wanne na magunia ilipanda kama punda aliyechoka, na malori yakatupigia honi nyuma.

Mwenzetu mmoja akaiona Nairobi supachaja iliyotolewa katika injini ya Toyota, ile iitwayo 4A-GZE. Muuzaji alituambia kwamba ni kufunga tu na kwenda. Neno hilo tulilipenda sana.

Kazi tuliifanyia nyumbani, chini ya mgunga, siku mbili za mapumziko. Kwanza tulifungua waya wa betri. Motokaa tuliiweka juu ya mataruma ya zamani ya mbao, si juu ya jeki peke yake, na hapo hatutaki ubishi: mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Kishikio tulikikata katika bamba nene la chuma tukakichomelea. Mkanda ulitusumbua kuliko kitu chochote. Puli ya supachaja na puli ya injini zisipokuwa katika mstari mmoja, mkanda hulia, kisha huruka. Tulipima kwa uzi, tukakosa. Tulipima kwa rula ndefu ya chuma, kama mtu anavyopima reli, tukapata. Puli hiyo ina klachi ya umeme, nayo tuliivutia waya na swichi. Supachaja ina oili yake yenyewe, si ya injini. Mwenzetu mmoja hakuamini mpaka alipoonyeshwa kizibo chake.

Kabureta tuliiweka mbele ya supachaja, hata pampu ikavuta hewa na petroli pamoja. Ni njia rahisi, na petroli huipoza hewa kidogo. Lakini ina hatari, maana injini ikipiga moto kinyumenyume, pampu nzima imejaa petroli. Ilitokea mara moja, na nyusi za mwenzetu zimekwisha kuota tena. Kichujio cha hewa tulikiweka kikubwa, kwa sababu vumbi letu mnalijua, na chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya vile vyuma viwili hukwaruza mpaka mwisho.

Ilipowaka ililia kama filimbi. Tukaipandisha kwenda Makindu na kurudi, na tuseme kweli, tulifurahi kama watoto. Lori tuliloliona mbele dakika ile, dakika ya pili lilikuwa nyuma. Juma la pili tukaona haitoshi, tukatia puli ndogo zaidi juu ya supachaja ili izunguke upesi. Saa ya kupimia nguvu ya hewa hatukuinunua. Tulisema tutainunua mwisho wa mwezi.

Usiku mmoja mama mzazi wa mwenzetu aliugua sana, akaandikiwa kupelekwa Machakos. Tulimlaza kiti cha nyuma. Tulipokwisha kupita Sultan Hamud, tukipanda kuelekea Salama, tulisikia mlio kama kokoto zinazotikiswa katika kopo. Tulidhani ni mkanda. Kisha nguvu ikaisha, moshi wa buluu ukatoka nyuma, na motokaa ikasimama gizani. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja, mama akiguna, hata dereva mmoja wa lori akatuhurumia akamchukua. Alifika. Alipona pia, twamshukuru Mungu. Lakini mwanawe hajazungumza nasi habari ya usiku ule, nasi hatumwulizi.

Tulipofungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka, na gasketi ya kichwa imeungua. Ndipo tulipotafuta habari ambayo ilipasa tuitafute kwanza. Toyota walipotoa 4A-GZE mwaka 1986, hawakubandika pampu juu ya injini waliyokuwa nayo. Kompresheni waliishusha hadi 8 kwa 1, na injini ndugu yake isiyo na supachaja, 4A-GE, ilikuwa 9.4 kwa 1. Pistoni waliweka za chuma kilichofuliwa. Nao waliweka kitu kama rejeta cha kupoza hewa, kwa maana hewa ikikandamizwa hupata moto. Shika pampu ya baiskeli utaona. Sisi tulichukua hewa ya moto, tukaisukuma katika injini nzee yenye kompresheni ya juu, moto wa plagi tukauacha pale pale ulipokuwa wala hatukuurudisha nyuma, na jeti za kabureta ndogo zile zile. Petroli ikawa kidogo kwa hewa nyingi. Basi ikawa inalipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni. Zile kokoto ndizo hizo.

Breki hatukuzigusa, nazo ni za motokaa ya nguvu ndogo. Bima pia hatukuiarifu. Kama tungegonga mtu usiku ule, kampuni ya bima ingeweza kusema kwamba gari lililoandikwa katika karatasi si hili, na deni lingekuwa juu ya mishahara ya watu sita wenye watoto shuleni.

Injini tumeitengeneza kwa pistoni mpya, bila supachaja. Kwa kuwa mapete ni mapya na vali zimesagwa vizuri, inapanda kuliko zamani, jambo lililotuaibisha kidogo, maana gharama hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya ile pampu. Wawili katika kikundi wanataka irudishwe, safari hii kwa puli kubwa, jeti kubwa na saa ya kupimia. Nguvu ya ratili tano tu, wanasema, ingetosha kuturudishia hewa ya Mombasa hata Nairobi, na salio juu yake. Hesabu yao ni sawa. Tulipiga kura, wanne wakakataa mpaka fedha za saa, jeti, breki na bima ziwe mezani kwanza.

Ninyi wawili mnaokusanya fedha, supachaja yetu imo katika gunia ndani ya stoo, pamoja na ile pistoni iliyotoboka. Njoni Jumamosi baada ya zamu mvitazame vyote viwili. Leteni matambara yenu, yetu yamekwisha.