Korongo Wamerudi, Nasi Tunafunga Mizigo

Kama uko jikoni unachambua mchele, au uko ndani ya daladala na foleni haisogei, karibu tukae pamoja. Leo sina mgeni studio. Nimekuletea habari za majira ya machipuko, yaani Machi, Aprili na Mei. Kwetu pwani hiyo ndiyo miezi ya masika, mvua inapiga bati mpaka redio haisikiki. Huku Ulaya ndiyo miezi ambayo watu hukumbuka kwamba wana marafiki.

Mimi na mume wangu tunaishi Bonn, mji wa Ujerumani kando ya mto Rhine. Mimi wa Tanga, mwenzangu wa Pemba, na kilichotuleta ni kazi. Mzungu akija Dar es Salaam kufanya kazi miaka minne huitwa mtaalamu wa kigeni. Sisi tukija Bonn miaka hiyohiyo minne tunaitwa wahamiaji. Haya, tuyaache, maana nikiyaanza hayo kipindi kitaisha.

Nianze na saa. Jumapili ya mwisho ya Machi, ikigonga saa nane usiku hapa Bonn, saa husogezwa mbele zikawa saa tisa, na karibu Ulaya nzima husogeza saa zake usiku huohuo. Umelala, ukiamka umeibiwa saa moja. Mwaka 2024 Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 31 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeingia kumi la mwisho. Jumamosi tulifuturu saa moja jioni. Jumapili, kwa saa ya ukutani, tukafuturu saa mbili usiku. Mama akapiga simu kutoka Tanga, akanikuta bado nimekodolea macho uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hamjafuturu? Umesema huko ni saa mbili kasoro, na jana huko ikifika saa hiyo ulikuwa unaosha vyombo."

Nikamweleza kwamba wakati wa baridi Tanga huwa mbele ya Bonn kwa saa mbili, na saa zikisogezwa tofauti inabaki saa moja tu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nadhani hata wabunge wa Ulaya wanaobishana kila mwaka juu ya jambo hili hawajalijibu vizuri: "Sasa jua nalo limekubali?"

Jua halikukubali, mama. Lilizama wakati wake, dakika moja au mbili baada ya lilivyozama jana. Ni saa ya binadamu iliyosogea.

Na jua lenyewe lina mambo yake huku. Chukua chungwa, lichome kijiti katikati, kitokeze juu na chini, kisha ukiinamishe kidogo kijiti hicho. Dunia imeinama vivyo hivyo, nyuzi 23 na nusu, na inalizunguka jua bila kubadili mwinamo wake. Sisi watu wa Ikweta tuko kwenye tumbo la chungwa, kwa hiyo mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, ukiongezeka au kupungua ni kidogo mno. Bonn iko juu, zaidi ya nyuzi 50 kaskazini. Desemba mchana ni saa nane tu, saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Juni jua huzama karibu saa nne usiku. Kutoka jua lile la Desemba mpaka hili la Juni ni safari ndefu, na mbio zake kubwa ziko Machi, mchana unapoongezeka karibu dakika nne kila siku. Nusu saa kwa wiki! Unaiona kwa macho. Wiki hii unatoka kazini gizani, wiki ijayo unatoka kuna mwanga na hujui uupeleke wapi.

Watu huupeleka nje. Majirani ambao tangu Novemba ulikuwa ukiwajua kwa milio ya funguo zao, sasa wanakaa kwenye ngazi na vikombe vya kahawa, na makoti hawajayavua. Usidhani joto limekuja. Aprili ya huku ni kigeugeu: asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, jioni jua tena. Katika mitaa ya zamani ya Bonn kuna micheri ya Kijapani iliyopandwa pande zote mbili za barabara, na ikichanua matawi hukutana juu ikawa dari la waridi. Siku kumi, labda wiki mbili, kisha yote yako chini yanafagiliwa. Watu husafiri kutoka mbali kuja kupiga picha pale. Mume wangu hupita chini yake amefunika pua, kwa sababu ya chavua. Chavua ni ule unga wa maua, na unaomtesa yeye hasa ni wa mti mwembamba wa gome jeupe ambao Wajerumani huuita Birke. Kila Aprili anapiga chafya tangu alfajiri. Miaka yake yote Pemba, katikati ya mikarafuu, hajawahi kupiga chafya hata moja ya maana.

Sasa tuje kwenye kutembeleana. Huku hodi hubishwa wiki tatu kabla. Januari ukimwambia rafiki "tuonane", anatoa kalenda. Mwanzoni nilichukia, nikaona ni uchoyo wa nyumba. Siku hizi sina uhakika. Mtu aliyekuandika kwenye kalenda yake tarehe 13 Aprili ameikatalia siku hiyo kila kitu kingine, na ukifika unakuta hana haraka. Kwetu mgeni hufika bila taarifa, na mara ngapi tumemkaribisha huku tunajiuliza mchele utatosha?

Tarehe 13 Aprili 2024 ilikuwa Jumamosi, na Idi ilikuwa imeanguka Jumatano, siku ya kazi. Kwa hiyo Idi yetu tuliihamishia Leiden, Uholanzi, kwa rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Tulipanda treni Cologne. Karibu na mpaka wakaingia askari wawili, wakaomba vitambulisho. Mume wangu akatoa kadi yake ya ukaazi kwa madaha. Askari akaitazama, akasema, "Na pasipoti?" Pasipoti ilikuwa Bonn, droo ya pili, chini ya taulo.

Hili ni somo, msikilizaji, hasa kama una ndugu anayekuja huku. Kadi ya ukaazi ya nchi moja ya Schengen inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen mpaka siku 90 katika kila siku 180, lakini huendi na kadi peke yake. Kadi na pasipoti ni mtu na kivuli chake. Tena ruhusa hiyo haikufikishi London wala Dublin, maana Uingereza na Ireland haziko Schengen, zina utaratibu wao wa viza. Siku ile askari alikuwa mtu mzima mwenye subira, akatusomea somo lilelile ninalokusomea mimi, akatuacha. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo siku hizi nauliza habari ya pasipoti kabla sijauliza habari ya tiketi.

Leiden tulipokelewa na harufu ya iliki. Rafiki yangu alikuwa anapika vitumbua, na nilipochungulia jikoni nikacheka mpaka nikaegemea mlango. Waholanzi wana vijichapati vyao vinene vinavyoitwa poffertjes, na kikaango chake ni cha chuma chenye vishimo vingi vya duara. Ukikitazama, ni kile cha vitumbua, ila vishimo ni vidogo na vya kina kifupi. Mchele ulikuwa umelowekwa usiku kucha, umesagwa na tui la kopo, umeumuka vizuri. Anamimina nusu kijiko, anasubiri kingo zishike rangi, anageuza kwa kijiti cha mshikaki. Vinatoka vitumbua vidogo kama vifungo vya koti, unakula kumi hujijui. Jirani yake Mholanzi alikaribishwa saa tisa, akafika saa tisa. Akala, akasifu, akasema kwao hivi hunyunyiziwa sukari laini na siagi. Tukanyunyiza. Mungu anisamehe, vilikuwa vitamu.

Jioni tukatembea kwenye bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Leiden. Hapo ndipo mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alipopanda vitunguu vya tulipu, vikachanua mwaka 1594. Tulipu hadithi yake nzuri: asili yake ni milima ya Asia ya Kati, Waturuki wa Dola ya Osmani wakalipenda na kulitunza, na jina lake limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kilemba. Uholanzi likawatia watu wazimu. Kitunguu kimoja cha aina adimu kiliuzwa kwa bei ya nyumba, watu wakanunua maua yaliyo bado ardhini, hadi Februari 1637 bei zilipoporomoka. Leo watu wanavuka bahari kuja kutazama ua la Kiholanzi. Na lenyewe lilikuja na kilemba.

Mei tulikuwa na safari nyingine. Tarehe 9 ilikuwa sikukuu ya Kupaa, Alhamisi, na huku Alhamisi ya sikukuu watu huiunganisha na Ijumaa. Rafiki wa mume wangu anaishi Strasbourg, Ufaransa. Tukaamua kupitia Luxembourg, kwa sababu mbili. Ya kwanza, huko tangu 2020 usafiri wa umma ni bure nchi nzima, basi, treni na tramu, na mimi cha bure nakipenda. Ya pili, nilitaka kukiona kijiji cha Schengen.

Jina hilo tumelikodolea macho kwenye fomu za viza, tumelilipia, limetutoa jasho. Kumbe ni kijiji kidogo cha mizabibu kando ya mto Moselle, pale Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano, yaani hizo tatu pamoja na Ubelgiji na Uholanzi, zilitia sahihi ndani ya meli iliyokuwa mtoni hapo. Ukaguzi mipakani ukaja kuondolewa tarehe 26 Machi 1995, machipuko vilevile. Nilisimama ukingoni na mkoba wangu wenye pasipoti mbili, nikatazama bata wakivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine na kurudi. Mume wangu akasema, "Hao hawana hata kadi."

Strasbourg tulikuta korongo. Mji huo, na eneo zima la Alsace, ni kwao. Wanajenga viota vikubwa kama tairi la lori juu ya paa na mabomba ya moshi, na wanapokutana dume na jike hugonganisha midomo, kata-kata-kata, kama mtu anayecheza bao kwa hasira. Mwenyeji wetu ana kiota mkabala na dirisha lake. Tulikaa tukinywa chai, wao wakitutazama.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa huenda wapi wakati wa baridi. Wapo waliosema mbayuwayu hulala matopeni chini ya maji. Kisha mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, akaonekana korongo aliyerudi na mshale umemkita shingoni, mrefu kiasi cha sentimita 80, wa mti wa Afrika ya Kati. Alikuwa ameruka nao masafa yote hayo. Wakamuua, ndiyo shukrani yake, wakamkausha, na mpaka leo yuko katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mshale ule ukawa barua: ndege hawa hukaa kwetu.

Korongo hapendi kuvuka bahari pana. Hupaa kwa kuzungushwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo haipo. Basi wa magharibi hupita mlango wa bahari wa Gibraltar kwenda Afrika Magharibi, na wa mashariki hupita Bosphorus, wakafuata bonde la Nile mpaka Afrika Mashariki na Kusini. Ukimwona mmoja mashambani Januari, mweupe, mbawa zina weusi, miguu myekundu, ujue ana paa lake Ulaya. Ila siku hizi wengi wa magharibi hawafiki hata jangwani. Wanaishia Hispania, wanakula jalalani. Mwenyeji wetu alipotuambia hayo, mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza nauli ya Pemba mwezi wa Desemba itakuwa kiasi gani.

Nimebakiwa na dakika chache, nikueleze mti. Kwenye bonde la Rhine, usiku wa kuamkia Mei Mosi, vijana hununua mti, huufunga riboni za karatasi za rangi, wakausimamisha nje ya nyumba ya msichana wampendaye. Unakaa mwezi mzima, kisha aliyeuleta anakuja kuuondoa na kupewa chochote, keki au kreti ya bia. Mwaka mrefu, wenye siku 29 za Februari, zamu hugeuka: wanawake ndio hupeleka. Na 2024 ulikuwa mwaka mrefu.

Kwa hiyo usiku wa tarehe 30 Aprili nilifunga vipande vya kanga kuukuu kwenye mti wangu, nikausimamisha kwenye kibaraza chetu wakati mzee amelala. Asubuhi nikamsikia anafungua mlango. Kimya. Kisha chafya, ya pili, ya tatu, nikahesabu mpaka kumi na moja. Nilikuwa nimesahau kwamba mti wa kimila ni ule wa gome jeupe.

Aliuacha pale mpaka tarehe 1 Juni. Kila asubuhi alikwenda kuutazama na leso mkononi.