Mtoto Asiogope Kutueleza: Usalama wa Watoto Wetu Kwenye Simu na Mitandao

(Mazungumzo yetu na wazazi na walezi wa Kasulu na Kibondo)



Leo tunazungumza juu ya simu. Huenda wapo wanaojiuliza: watoto wetu wa huku hawana simu, mambo ya mitandao yanatuhusu nini?

Tutazame hali ilivyo. Mtoto hana simu yake, lakini jioni anashika ya kaka, na ndiye tunayemtuma kupeleka ya baba kwenye kibanda cha kuchaji. Hata bando likiisha, video huhamishwa kwa memori kadi kutoka simu moja hadi nyingine. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti. Kati ya hao, asilimia 4, yaani watoto wapatao 200,000, walifanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu.

Ukatili huo huanza kwa upole. Mtu asiyejulikana anaomba urafiki, anasifu picha, anatuma vocha. Mwingine anaahidi kazi ya ndani mjini au ada ya shule. Kisha anaomba picha ya utupu. Akishaipata anageuka: tuma nyingine, au lete fedha, la sivyo nitaisambaza kijijini kwenu.

Hapo ndipo mtoto anapohitaji mzazi, na hapo ndipo wengi hunyamaza. Mtoto anajua kwamba akisema atachapwa, atanyang'anywa simu na kuitwa malaya. Basi anabaki peke yake na yule anayemtisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Fimbo yetu, tuliyodhani inamlinda mtoto, inamlinda mhalifu.

Kwa hiyo tunashauri mambo haya:

1. Tumwambie mtoto mapema, kabla halijatokea lolote: "Ukikutana na jambo baya kwenye simu, njoo uniambie. Sitakupiga." Akija kweli, tutimize ahadi hiyo.

2. Asiyejua kutumia mitandao asione haya. Amwombe mtoto amwonyeshe anachotazama na anaozungumza nao. Mzazi anajifunza, na mtoto anazoea kueleza.

3. Tuweke utaratibu wa nyumbani. Simu itumike sebuleni au uani, si chumbani usiku. Facebook na Instagram zenyewe haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujiandikisha.

4. Tumfundishe kutotaja kwa mtu asiyemjua jina la shule, kijiji wala namba ya simu, na kutokwenda kuonana naye.

5. Nasi tujiangalie. Picha za watoto wetu wakioga, au za mtoto aliyefanyiwa ukatili, tusiziweke wala kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kumsaidia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza picha za ngono za watoto.

Je, jambo likishatokea? Tusilipe fedha, maana anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Tusifute ujumbe wala namba, huo ni ushahidi. Tumzuie mtu huyo asiendelee kuwasiliana na mtoto, kisha twende kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ipo pia Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, ambayo kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Tuiandike ukutani nyumbani.

Tusiyamalize mambo haya kimya kimya kwa kuogopa aibu ya ukoo, hasa pale mhalifu anapokuwa ndugu au jirani. Aibu ni yake aliyetenda, si ya mtoto.

Simu imekwisha kuingia majumbani mwetu, nayo ina manufaa: hutuletea fedha, bei za mazao na masomo. Tunachowaomba ni kwamba, mkirudi nyumbani jioni ya leo, kila mmoja akae na watoto wake na kuwaambia yale maneno ya shauri la kwanza.