Mtoto na Amani ya Nyumbani



Wengi wetu twadhani mtoto abembelezwaye atakuwa mwoga. Sivyo. Mwaka 1954 Bibi Mary Ainsworth alifika Uganda, akazizuru jamaa 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama mama na watoto wao wachanga. Aliona ya kuwa mtoto ambaye mamaye huzijua haja zake hulia kidogo, tena huthubutu kutambaa mbali, maana ajua pa kurudia.

Na wa shule ni vivyo hivyo. Wazazi wakiteta usiku, asubuhi mtoto huketi darasani, macho ubaoni, moyo nyumbani. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Basi sisi walimu, tusimwite mvivu kabla ya kuuliza habari za kwao. Nasi wazazi, tupatane kabla watoto hawajalala.