Bei Imeshuka, Lakini Kwa Nini?

Fungu letu la leo ni Yeremia 32, kuanzia mstari wa 6 hadi wa 15.

Ninyi mnaokaa Kericho na Bomet mnajua jinsi miji yetu inavyochangamka bonasi ya chai inapolipwa. Mwaka mzima mtu amechuma majani mawili na kichipukizi, amebeba kikapu hadi kituoni, amesimama kwenye mizani katika mvua. Fedha zinapoingia, maduka nayo yametandika bidhaa hadi nje, na vipaza sauti vinalia tangu asubuhi: bei imeshuka!

Mwaka mmoja nasi tuliingia katika duka moja mjini. Palikuwa na simu nzuri, na bei yake imekatwa zaidi ya nusu. Kijana muuzaji hakutudanganya. Alisema, "Kasisi, bei ni hii kwa sababu kampuni imeacha kuzitengeneza." Tulimsikia, lakini mioyo yetu ilikuwa imeshikwa na bei. Tulilipa, tukarudi nyumbani tukijiona werevu.

Ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha ikaanza kukataa jambo hili na jambo lile. Mwishowe ujumbe wa kikundi cha kanisa ukaacha kuingia, nasi hatukutambua. Tulidhani watu wamenyamaza tu. Siku hizo kogo mmoja wa mtaa wetu, mjane, alikuwa mgonjwa. Wazee wa kanisa walituandikia mara tatu kwamba anaomba Ushirika Mtakatifu. Habari ilitufikia Jumapili ya pili, baada ya ibada. Tulikwenda mbio, tukamkuta ameketi karibu na moto, amepata nafuu kidogo. Tukaanza kumweleza jinsi simu ilivyokufa. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza polepole, "Simu ilikufa. Na miguu je, Kasisi?"

Hatukuwa na jibu. Kutoka kwetu hadi kwake, kwa njia ya kukata katikati ya mashamba ya chai, si mwendo wa nusu saa.

Wapenzi, jambo hili si la huku kwetu peke yake. Mwaka 2011 kampuni ya HP ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ndogo ya kushika mkononi, iliyoitwa TouchPad, kwa dola 499. Tarehe 18 Agosti, kabla ya miezi miwili kutimia, ilitangaza kwamba inaiacha. Bei ikashuka hadi dola 99, na watu wakazigombania. Wengine walijua wanachonunua na walikitumia vizuri. Lakini mwezi Januari 2015 huduma zilizokuwa zikiitegemeza zilifungwa. Vivyo hivyo, tarehe 4 Januari 2022 kampuni ya BlackBerry iliacha kuzihudumia simu zake za zamani, ambazo hapo awali zilikuwa fahari ya wenye vyeo. Mashine haikuvunjika, aliyeitengeneza ndiye aliyeondoa mkono wake.

Je, ni dhambi kununua kitu cha bei iliyopunguzwa? Hapana. Mtazameni Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, naye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Nani angenunua ardhi wakati kama huo? Lakini alinunua shamba la Hanameli kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Machoni pa watu alinunua hasara. Lakini alijua jambo moja: Bwana aliyemwagiza amesema kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile. Yeremia alinunua akilitegemea neno la Mungu asiyeondoa mkono wake. Sisi tulinunua tukilitegemea neno la kampuni iliyokwisha kuondoka.

Basi bonasi ijayo, kabla ya kutoa fedha za jasho lenu, ulizeni: kwa nini bei imeshuka? Nani atakitengeneza kikiharibika? Na je, karo ya watoto imelipwa? Ukiridhika na majibu, nunua kwa amani.

Lakini liko swali la nne, nalo ni la kogo. Tumekipa chombo kazi gani ambayo Mungu aliipa miguu yetu? Hata simu mpya kabisa haiwezi kumshika mgonjwa mkono.

Huenda wewe unayesikiliza unajiona kama bidhaa iliyowekwa nje ya duka: umezeeka, umeachishwa kazi, watoto hawapigi simu. Sikia neno hili. Aliyekuumba hajatangaza kwamba anakuacha. Kazi aliyoianza ndani yako ataitimiza, kama Paulo anavyotuhakikishia katika Wafilipi 1:6.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe haraka yetu. Utupe hekima katika matumizi ya mali, na utuamshe tuwaendee wanaotungoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.